Kabla ya bei ya lenzi, uliza nyuma ya jicho pakoje

(Maneno haya yalisemwa jijini Tanga mbele ya wazee, wagonjwa na ndugu zao, asubuhi kabla ya zoezi la kupima macho.)

Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu mlioketi huku mbele, na nyinyi vijana mliowashika mkono wazazi wenu kutoka Pangani, Muheza, Korogwe na kule juu Lushoto, asanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie upasuaji wa macho: upo wa aina gani, na mgonjwa achague vipi. Kliniki swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Daktari, lenzi nzuri ni ipi, na ni shilingi ngapi?" Mara nyingi anayeuliza si mgonjwa mwenyewe. Ni kijana aliyemleta mama yake. Ndugu wamechangishana, wanataka mama apate kilicho bora. Namheshimu sana kijana huyo. Ila lipo swali linalolitangulia lake, na karibu hakuna anayeliuliza: nyuma ya jicho la mama pakoje? Mkiondoka hapa mmelishika swali hilo, mengine yote nitakayosema yatajipanga yenyewe.

Tuanze na jicho. Mbele kabisa kuna kioo kinachong'aa, ndani yake lile duara jeusi tunaloliita mboni, na nyuma ya mboni kuna lenzi. Mwisho kabisa, ukuta wa ndani wa jicho umefunikwa na utando mwembamba sana uitwao retina. Retina ndiyo inayopokea mwanga na kuupeleka ubongoni kupitia mshipa wa fahamu. Fikirieni kamera ya simu mliyonayo mfukoni. Kioo chake kikiingia ukungu picha haitoki, ukikibadilisha picha inarudi. Lakini kama kilichokufa ni kile kinachopokea picha ndani ya simu, weka kioo cha bei yoyote, utakuwa na kioo kisafi na picha hakuna.

Mtoto wa jicho ni ugonjwa wa lenzi, wa mbele. Kisukari kinapoingia machoni, au retina inapochanika na kubanduka, huo ni ugonjwa wa nyuma. Yote mawili yanaweza kukaa katika jicho moja kwa wakati mmoja, na la mbele likalificha la nyuma hata daktari asilione.

Mtoto wa jicho si ngozi inayoota juu ya jicho. Ile nyama inayotambaa kutoka pembeni kuelekea mboni, ambayo wavuvi wetu wanaipata sana kwa jua na upepo wa baharini, ni kitu kingine kabisa. Weupe mnaouona katikati ya mboni ya mzee ni lenzi yake mwenyewe iliyopoteza uangavu. Sababu kubwa ni umri. Wengine huwapata mapema: wenye kisukari, waliowahi kupigwa jicho, wavutaji sigara, na waliotumia kwa muda mrefu dawa za jamii ya steroidi. Humo zimo baadhi ya dawa za matone ambazo watu hununua dukani bila kuandikiwa, kila jicho linapowasha. Hili linaniuma, kwa sababu dawa hizo hizo hupandisha presha ya macho, na presha ya macho huua mshipa wa jicho polepole bila maumivu. Kilichokufa hapo hakirudishwi na upasuaji wowote.

Hakuna dawa ya matone inayomwondoa mtoto wa jicho. Hakuna majani, hakuna asali, hakuna maziwa ya mama. Nasema kwa ukali kidogo, mnisamehe, kwa sababu tunapokea macho ambayo yangehitaji upasuaji mfupi tu, lakini yanafika yakiwa na kidonda kwenye kioo cha mbele kwa sababu ya kilichotiwa nyumbani. Mtoto wa jicho tungemtoa. Kovu la kioo ni kazi nyingine, na mara nyingi hatuna la kufanya. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mtoto wa jicho bado ndiye anayeongoza kwa kupofusha watu duniani, ilhali tiba yake inajulikana na inafanyika hapa hapa nchini.

Wapo wazee hapa walioambiwa zamani, "Ngoja kwanza akomae." Ushauri huo ulikuwa na maana kwa wakati wake. Upasuaji wa enzi zile uliitoa lenzi pamoja na kifuko chake, kwa mkato mkubwa wa kushonwa, na mgonjwa akabaki kuvaa miwani minene maisha yake yote. Haikuwa busara kumfanyia hivyo mtu ambaye bado anaona kiasi. Leo hatusubiri akomae. Tunaangalia maisha yako. Unamtambua mtu mlangoni kabla hajasema? Unaweza kuchagua mchele, kusoma msahafu, kutofautisha noti? Unavuka barabara bila mtu? Mtoto wa jicho akianza kukunyima hayo, wakati umefika. Akiachwa miaka mingi, lenzi inakuwa ngumu na kazi ya kuitoa inakuwa ngumu nayo; mara nyingine inavimba au inavuja, presha ya jicho inapanda ghafla, mgonjwa analetwa usiku anatapika kwa maumivu.

Sasa hofu. Nimeisikia kwa masikio yangu, kwamba jicho linang'olewa, linawekwa mezani, linasafishwa na kurudishwa. Hapana. Jicho halitoki mahali pake hata kidogo. Mtu mzima hupewa ganzi, kwa sindano pembeni ya jicho au kwa matone, naye yuko macho anatusikia tunavyoongea. Nusu kaputi tunawapa watoto, na watu wazima wachache wasioweza kutulia. Kwa jicho lisilo na matatizo mengine, kazi yenyewe mara nyingi haizidi nusu saa. Jioni yake mgonjwa yuko nyumbani au wodini, jicho limefunikwa. Kesho yake linafunguliwa.

Na kile kipande cha plastiki kinachobaki ndani, yaani lenzi mpya tunayoiweka mahali pa ile iliyoharibika? Hofu hiyo wakati fulani hata madaktari walikuwa nayo. Katika Vita vya Pili vya Dunia, marubani wa kivita wa Uingereza walipigwa na vipande vya plastiki ngumu vya kifuniko cha ndege kilipopasuka kwa risasi, na vipande vingine viliingia machoni. Daktari Harold Ridley aliwatibu, akagundua jambo ambalo wengine walilipita: vipande vile vilikaa ndani ya jicho miaka na jicho halikuvikataa. Akaagiza lenzi itengenezwe kwa plastiki ya aina hiyo, na tarehe 29 Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas', London, akaiweka ndani ya jicho la mgonjwa wa mtoto wa jicho. Wakubwa wa fani yake walimpinga kwa miaka mingi. Uzeeni, Ridley mwenyewe aliwekewa lenzi macho yote mawili, katika hospitali ile ile. Kwa hiyo mama anayeogopa kuachiwa kitu kigeni jichoni ajue kwamba kitu hicho kimeshapimwa katika macho ya mamilioni ya watu kabla ya lake.

Kuna njia mbili kuu za kumtoa mtoto wa jicho. Ya kwanza ni ya mkono: daktari hupasua njia ndogo ya milimita sita au saba kwenye sehemu nyeupe ya jicho, njia inayojifunga yenyewe bila nyuzi, anatoa kiini cha lenzi kikiwa kizima, kisha anaweka lenzi mpya. Ya pili inaitwa fako: mkato wa milimita mbili au tatu, na mashine inayovunjavunja lenzi kwa mtetemo wa sauti na kuinyonya, kisha lenzi laini iliyokunjwa inaingizwa na kujikunjua ndani. Aliyeibuni fako mwaka 1967 ni Charles Kelman wa New York, baada ya kuona kifaa cha daktari wa meno kinavyotetema.

Watu wa mjini wameshasikia habari za fako, na wanaamini kwamba ile ya mkono ni ya maskini. Nataka tulizungumze hili taratibu. Mwaka 2007 huko Nepal, timu ya Dk. Sanduk Ruit ilitoa matokeo ya kulinganisha njia hizi kwa wagonjwa 108, wengi wakiwa na lenzi zilizokwisha kuwa ngumu kama tunazoziona sisi. Baada ya miezi sita, asilimia 98 ya kila kundi waliona vizuri kwa kiwango kile kile walipopewa miwani. Ya mkono ilichukua dakika tisa hivi kwa wastani, fako dakika kumi na tano na nusu, na ya mkono ilikuwa na gharama ndogo zaidi. Fako ina faida zake za kweli: mkato mdogo hupona upesi na haubadilishi sana umbo la kioo cha mbele, na kwa lenzi ambayo bado laini ni njia nzuri sana. Lakini kwa lenzi ngumu ya kahawia ya mzee aliyekaa nayo miaka kumi, mikononi mwa daktari aliyezoea, ya mkono mara nyingi ndiyo salama zaidi. Muulize daktari wako: kwa jicho langu mimi, wewe ungechagua ipi, na ipi unaifanya kila wiki? Sikilizeni jibu la pili kwa makini kuliko la kwanza.

Habari ya bei ya lenzi ni hivyo hivyo. Zamani lenzi zilikuwa ghali, na wagonjwa wa nchi kama zetu waliachwa bila lenzi. Mwaka 1992 kiwanda cha Aurolab, Madurai, India, kilianza kuzitengeneza kwa bei ndogo; kisha juhudi za Dk. Fred Hollows wa Australia zikazaa viwanda Nepal na Asmara, Eritrea. Kwa hiyo bei ikishuka msidhani ubora umeshuka. Lenzi ya kawaida ina nguvu moja: utaona mbali vizuri, na kusoma utahitaji miwani. Anayeishi kwa cherehani au kwa kitabu anaweza kuomba apimiwe ya karibu, aseme mapema. Zipo lenzi za nguvu nyingi zinazopunguza haja ya miwani, ila zinagawa mwanga, na usiku baadhi ya watu huona miduara kuzunguka taa. Mwenye presha ya macho au retina iliyoguswa na kisukari simshauri lenzi hizo, hata awe na fedha. Kitakachowapa faida kuliko jina la lenzi ni jicho kupimwa urefu wake na mkunjo wa kioo chake kabla ya upasuaji, ili nguvu ya lenzi iwe ya jicho hilo. Mkisikia mahali ambapo kila mtu anawekewa lenzi ya nguvu ile ile, ulizeni kwa nini.

Tumefika kwenye swali letu. Kabla sijakubali kumpasua mtu, nampanua mboni kwa dawa na kuitazama retina. Mtoto wa jicho akiwa mzito kiasi cha kuzuia, namulika tochi kutoka juu, chini, kulia na kushoto, nikimwomba anionyeshe mwanga unatoka wapi. Akishindwa kutaja upande mmoja, nashtuka. Naangalia pia kama mboni inajibana ipasavyo inapomulikwa. Isipojibana vizuri, wasiwasi wangu unahamia kwenye mshipa na retina. Napima presha ya jicho. Na kama sijatosheka, tunafanya altrasaundi ya jicho, ambayo haiumi, nayo inatuonyesha kama retina imekaa ukutani au imebanduka. Mgonjwa anayepasuliwa bila vipimo hivi anaweza kuamka na lenzi nzuri na giza lile lile. Kisha mtaani inasemwa upasuaji umempofusha, na watu kumi wanakataa kuja.

Wenye kisukari, naomba mnisikilize nyinyi zaidi. Kisukari huvujisha na kuziba mishipa midogo ya damu ya retina, na kwa muda mrefu hakuna dalili yoyote. Unaona vizuri, unaendesha pikipiki, na huku nyuma mishipa mibovu inaota. Siku ikipasuka, jicho linajaa damu kwa saa moja. Ndiyo maana mwenye kisukari hupimwa retina kila mwaka, akiwa anaona au haoni vizuri. Tukiikuta mapema tunatumia leza, yaani mwanga mkali unaochoma sehemu za pembeni za retina ili mishipa mibovu isinyae. Leza haiongezi uoni, inalinda uliopo. Wengi huikasirikia kwa sababu walitarajia kuona zaidi. Katikati ya retina pakivimba, tunachoma sindano ndani ya jicho, kwa ganzi. Dawa tunayoitumia sana, bevacizumab, ilitengenezwa kwa saratani, na tangu mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu kwa matibabu haya ya macho. Sindano moja haitoshi. Hupangwa karibu kila mwezi mwanzoni, na familia ijue hilo kabla ya kuanza, ipange nauli na fedha za miezi kadhaa.

Mwenye kisukari akiwa pia na mtoto wa jicho, mpangilio ndio kila kitu. Retina ikionekana, tunaitibu na kuituliza kwanza, kwa sababu upasuaji wa lenzi unaweza kuuzidisha uvimbe wa nyuma. Isipoonekana kabisa, tunamtoa mtoto wa jicho ili tupate njia ya kuifikia, na leza au sindano hufuata mapema iwezekanavyo. Sukari isiyotulia, mguu wenye kidonda kibichi au meno yenye usaha, hayo yatibiwe kwanza, maana maambukizi yakiingia ndani ya jicho lililopasuliwa yanaweza kuliua kwa siku chache. Ni nadra, lakini lazima mjue dalili zake: maumivu yanayozidi badala ya kupungua, uoni unaoshuka, wekundu na uvimbe katika siku za kwanza. Mkiona hivyo msingoje siku ya kliniki. Njooni usiku huo huo.

Jambo jingine lisiwatishe. Miezi au miaka baada ya upasuaji, wengine huona ukungu tena na kusema mtoto wa jicho amerudi. Hakurudi. Ni kifuko kilichoshikilia lenzi kimepata ukungu, na leza ya dakika chache hukitoboa njia. Ila njooni tuthibitishe, kwa sababu ukungu unaweza pia kutoka nyuma.

Retina iliyobanduka ni jambo la haraka, na hapa ndipo tunapopoteza macho mengi bure. Mtoto wa jicho anaweza kusubiri hadi mavuno yaishe. Retina haisubiri. Dalili zake hazina maumivu: mwanga unaomweka pembeni ya jicho hata gizani, vidoa vyeusi vingi vinavyoelea ghafla, kisha kivuli kinachofunika kutoka upande mmoja na kusogea kuelekea katikati. Wenye macho yanayoona karibu tu tangu utotoni wako hatarini zaidi, na waliopigwa jicho, na baadhi ya waliowahi kupasuliwa mtoto wa jicho. Kivuli kikiwa hakijafika katikati, tuna siku moja mbili tatu za kuliokoa jicho likiwa na uoni wake mzuri. Katikati pakishabanduka, bado tunairudisha retina ukutani, lakini uoni mkali mara nyingi haurudi wote. Sisi huwapokea watu baada ya miezi, wameshamaliza matone, maombi na waganga.

Kabla ya miaka ya 1920 retina kubanduka kulikuwa na maana ya upofu tu, hadi Jules Gonin wa Lausanne, Uswisi, alipoonyesha kwamba ukiziba tundu lililochanika, retina hurudi. Mchaniko ukiwahiwa kabla haijabanduka, leza au baridi kali hutosha, na mgonjwa anakwenda nyumbani siku hiyo. Ikishabanduka, daktari anaweza kushona mkanda wa silikoni nje ya jicho kuusukuma ukuta uikutane retina, njia inayowafaa hasa vijana. Au anaingia ndani kwa vifaa vyembamba, anaondoa ute mzito unaojaza jicho, anailaza retina, anaichoma leza, kisha anajaza gesi au mafuta ya silikoni kuishikilia ipone. Hiyo inaitwa vitrektomi, iliyoanzishwa na Robert Machemer huko Miami mwaka 1970. Haifanyiki kila mkoa. Wagonjwa wetu huelekezwa hospitali ya KCMC Moshi, au hospitali za Muhimbili na CCBRT Dar es Salaam. Mkipewa rufaa, ondokeni na basi la kesho asubuhi. Msirudi kwanza kijijini kuitisha kikao.

Kati ya gesi na mafuta, mgonjwa wa mkoa huu ana sababu ya kuuliza sana. Gesi huyeyuka yenyewe: aina moja wiki mbili hadi tatu, nyingine hadi wiki nane. Ikiwa jichoni huoni vizuri, kisha unaanza kuona juu ya mstari unaotikisika na kushuka siku hadi siku. Uzuri wake ni kwamba huhitaji upasuaji wa kuitoa. Hatari yake ni kupanda juu. Hewa ya nje inapopungua nguvu, gesi inatanuka, presha ya jicho inaruka, na jicho linaweza kufa njiani. Hivyo hakuna ndege, hata ile ndogo ya kwenda Pemba. Na ndugu zangu wa Lushoto, mji wenu uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Ile barabara ya kupanda kutoka Mombo kupitia Soni, mtu mwenye gesi jichoni asiipande mpaka daktari aseme imekwisha. Mwambieni daktari mnakaa wapi, tena mtaje kwamba ni milimani, kwa sababu yeye akisikia "Tanga" anafikiria bahari. Mwenye gesi pia amwambie daktari yeyote anayetaka kumpa nusu kaputi, hata kwa jambo la meno.

Mafuta hayatanuki. Mwenye mafuta anaweza kwenda Lushoto, anaweza kupanda ndege. Lakini hayaondoki yenyewe. Lazima arudi kutolewa, kwa kawaida baada ya miezi kadhaa, na wapo wasiorudi. Wanaona kiasi, nauli ni ngumu, wanasema yatosha. Baada ya miaka mafuta yanapandisha presha, yanaharibu kioo cha mbele, na jicho lililookolewa kwa kazi kubwa linapotea. Kama familia haina uhakika wa kurudi, isemwe mapema, tupange pamoja. Mjue pia kwamba baada ya vitrektomi mtu mwenye zaidi ya miaka 50 mara nyingi hupata mtoto wa jicho ndani ya miaka miwili. Si kosa la daktari. Ndiyo maana mara nyingine lenzi na retina hufanyiwa kazi siku moja.

Wengi mnaniuliza juu ya swala. Baada ya upasuaji, kuinama na maji kuingia jichoni ni mambo ya kuepuka kwa siku ambazo daktari atakutajia. Masheikh wetu wanajua kuliko mimi kwamba mgonjwa huswali kwa kadiri awezavyo, ameketi au kwa ishara, na juu ya udhu na tayamamu waulizeni wao. Mimi naomba tu msiache kuuliza. Aliyewekewa gesi anaweza kuambiwa alale kifudifudi au ubavu mmoja kwa siku kadhaa. Ni kazi nzito, aandaliwe mtu wa kumlisha na kumshikilia.

Sasa juu ya mama zetu. Mwaka 2002 wataalamu Susan Lewallen na Paul Courtright, waliofanya kazi Moshi kwa muda mrefu, walionyesha kwamba katika nchi nyingi zinazoendelea wanawake hupata upasuaji wa mtoto wa jicho pungufu kuliko wanaume, ingawa wao ndio wengi wenye ugonjwa. Sababu tunazijua. Baba akianza kugonga milango, kikao kinaitwa. Bibi akianza kukosea chumvi, anatafutiwa mjukuu wa kumshika mkono, na mjukuu huyo anaacha shule. Bibi mwenyewe anasema, "Mimi nimeshazeeka, msihangaike." Msimkubalie. Wenye miaka 60 na zaidi wasiojiweza wana msamaha wa matibabu katika hospitali za serikali. Anzeni kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji mpate barua, kisha ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini. Wenye bima waulize mapema kama inalipia lenzi yenyewe au upasuaji tu.

Mtoto mchanga au mdogo akionekana weupe ndani ya mboni, hata kwenye picha ya simu, asingojee akue. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, na ubongo wake usipojifunza kuona mapema jicho hilo litabaki zembe maisha yote. Inaweza kuwa saratani ya jicho. Vyovyote vile, wiki hii hii aonwe.

Tunaanza kupima sasa hivi. Anzeni meza ya kusoma herufi, kisha presha ya jicho, kisha dawa ya kupanua mboni. Dawa hiyo itawafanya mwone ukungu kwa saa kadhaa, kwa hiyo aliyekuja na pikipiki yake asiiendeshe kurudi. Mlete mezani dawa zote mnazotumia, na akina baba mnaokunywa dawa ya tezi dume mseme, hata kama mliiacha mwaka jana, kwa sababu inalegeza mboni wakati wa upasuaji na daktari anatakiwa ajiandae. Anayekunywa dawa ya kuzuia damu kuganda aseme pia, asiikatishe mwenyewe. Wenye kisukari na walioona kivuli au vidoa vya ghafla msipange foleni. Njooni huku upande wangu, nitawaona nyinyi kwanza.